Rupia za Fedha za Enzi ya Kaisari wa Ujerumani: Mwongozo Kamili wa Kuzitambua, Kuzipima na Kuzitunza

Wasomaji wengi hukwama mahali pale pale. Mmoja hupata rupia ya Mjerumani kwenye sanduku la marehemu bibi yake, akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa, na baada ya hapo ndipo anapouliza thamani yake. Mwingine hulipa bei kubwa kwa kipande kilichosubiwa juzi, kwa sababu tu kina kichwa cha Kaisari na mwaka wa zamani. Kusafisha kabla ya kujua na kununua kabla ya kupima ni makosa yanayowagharimu wakusanyaji wapya kuliko mengine yote, na mengi ya yaliyomo katika mwongozo huu yanalenga kuyazuia.

Sarafu tunazozizungumzia ni za fedha zilizopigwa Ujerumani kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanzania Bara, Rwanda na Burundi za leo, kati ya mwaka 1890 na 1914. Karibu na mwisho ipo sehemu fupi kuhusu marki za Ujerumani kwenyewe, kwa kuwa mara kwa mara huchanganywa na rupia.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

Usianze kazi mpaka vifaa hivi viwe mezani, kwa sababu hatua moja ikirukwa huifanya ile inayofuata isiaminike.

- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu (0.01), ya aina wanayotumia masonara. Mizani ya jikoni haifai kabisa.
- Jiwe la mizani la gramu 50 au 100, la kuhakikishia kwamba mizani inasema kweli.
- Kalipa ya kupimia milimita. Ya plastiki ni bora kuliko ya chuma, kwa kuwa haikwaruzi sarafu.
- Lenzi ya kukuza mara kumi.
- Sumaku ndogo yenye nguvu.
- Kikombe kidogo cha plastiki, uzi mwembamba na maji yaliyokenekwa.
- Kitambaa laini cha pamba kisicho na rangi, cha kutandika mezani.
- Vifuko au vidonge (vikasha vidogo vya mviringo) vya plastiki vya kuhifadhia sarafu, visivyo na PVC, yaani aina ya plastiki inayodhuru fedha.
- Daftari.

Kuhusu maji yaliyokenekwa, tahadhari moja ni ya lazima. Madukani huuzwa kwa jina la maji ya betri, lakini pembeni yake huuzwa pia asidi ya betri, na chupa zake hufanana sana. Soma lebo mara mbili. Asidi hiyo huunguza ngozi na macho, na sarafu ikiingizwa humo haitarudi kuwa kama ilivyokuwa.

## Hatua ya 1: Iache sarafu kama ulivyoikuta

Tandika kitambaa mezani, nawa mikono na uikaushe, kisha ishike sarafu kwa ukingo wake tu, kati ya kidole gumba na cha shahada. Jasho na mafuta ya vidole huacha alama juu ya uso wa fedha, na alama hizo hazionekani siku ile bali hujitokeza baada ya miezi zikiwa madoa ya kahawia.

Usisugue. Usitumie majivu, ndimu, dawa ya meno, magadi, sabuni ya unga, mchanga wala dawa ya kung'arisha shaba. Weusi ulioko juu ya fedha ya zamani ni utando mwembamba unaotokana na fedha kukutana na salfa iliyomo hewani, kwa hiyo umetengenezwa na fedha yenyewe. Anayeuondoa kwa kusugua huondoa pamoja nao ngozi ya juu ya sarafu, ambamo mlikuwa na mng'ao wa chapa ya asili. Mkusanyaji mwenye uzoefu huiinamisha sarafu chini ya taa, akaiona mikwaruzo midogo inayokwenda upande mmoja, na papo hapo bei hushuka, mara nyingi hadi nusu au chini yake.

Njia ya kuchemsha sarafu kwa magadi pamoja na karatasi ya alumini nayo husifiwa sana mitandaoni. Weusi hutoka kweli, lakini uso unaobaki huwa mkavu, mweupe usio na uhai, na kila anayejua hutambua kilichofanyika.

Hatua hii imefaulu ikiwa sarafu iko juu ya kitambaa, ina weusi wake na vumbi lake, na hujaigusa uso.

## Hatua ya 2: Tambua ni toleo lipi

Rupia za fedha ziko katika matoleo mawili. Upande wa kichwa unafanana kwa yote mawili: Kaisari Wilhelm II anatazama kushoto, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na kumzunguka kumeandikwa kwa Kilatini GUILELMUS II IMPERATOR. Tofauti iko upande wa pili.

Toleo la kwanza ni la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, lililotolewa kuanzia 1890 hadi 1902. Upande wa pili una nembo ya kampuni, simba na mnazi, pamoja na jina la kampuni. Toleo hili lina robo rupia, nusu rupia, rupia moja na rupia mbili.

Toleo la pili ni la serikali ya koloni, la 1904 hadi 1914. Simba hayupo tena. Upande wa pili una maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, thamani, mwaka na matawi, pamoja na herufi ndogo inayoonyesha kiwanda. Hapa kuna robo, nusu na rupia moja tu. Rupia mbili hazikupigwa tena.

Ikiwa kipande chako hakiingii katika matoleo haya, si rupia ya fedha ya Kijerumani. Sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja ni pesa za kampuni, na zile za shaba na nikeli zenye tundu katikati ni heller tano na kumi, sarafu ndogo za koloni. Zote ni halali kukusanywa, lakini hazina fedha ndani yake. Sarafu za dharura zilizopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, zenye herufi T, zilikuwa za shaba, za shaba ya njano au za dhahabu. Rupia 15 yenye tembo ilipigwa kwa dhahabu. Mtu akikuletea tembo wa Tabora wa fedha, amekuletea nakala, na huna haja ya kuendelea na hatua nyingine.

Ile sarafu kubwa yenye sura ya mama mnene na mwaka 1780 ni Maria Theresa wa Austria. Ilitumika sana Pwani, lakini si ya Mjerumani, na mwaka wake haukubaliki kama ushahidi wa umri kwa kuwa iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo hadi karne ya ishirini.

## Hatua ya 3: Linganisha mwaka na herufi

Hatua hii haihitaji kifaa chochote isipokuwa macho na orodha, nayo huwanasa waghushi wengi, kwa sababu anayetengeneza nakala mara nyingi hubuni mwaka bila kujua kama sarafu ya mwaka huo iliwahi kuwapo.

Kwa toleo la kampuni, rupia moja ina miaka 1890, 1891, 1892, 1893, 1894, 1897, 1898, 1899, 1900, 1901 na 1902. Ya 1895 haipo, wala ya 1896. Rupia mbili ilipigwa mwaka 1893 na 1894 tu. Nusu rupia ni ya 1891, 1897 na 1901. Robo ni ya 1891, 1898 na 1901.

Kwa toleo la serikali tazama pia herufi: A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg. Rupia moja ya 1904 ni A peke yake. Ya 1905 na ya 1906 zipo za A na za J. Ya 1907 na ya 1908 ni J tu, ya 1909 ni A tu, ya 1910 ni J tu. Ya 1911 ipo ya A na ya J, ya 1912 ni J tu, ya 1913 ipo ya A na ya J, na ya 1914 ni J tu. Nusu na robo hufuata mpangilio huo huo, ila hazikupigwa mwaka 1905, 1908 wala 1911.

Kwa hiyo rupia ya 1907 yenye A, au ya 1914 yenye A, ni ya kutiliwa shaka hata kama imechorwa vizuri namna gani. Isome herufi kwa lenzi, kwa sababu J iliyochakaa huweza kudhaniwa kuwa kitu kingine.

Jambo moja huwachanganya wanaosoma orodha za wauzaji wa Ujerumani. Herufi J ikifuatwa na namba katika orodha hizo kwa kawaida ni namba ya katalogi ya Jaeger, inayotaja aina ya sarafu. Haina uhusiano na kiwanda cha Hamburg.

Umefaulu ukiweza kuandika daftarini, bila kusita, toleo, thamani, mwaka na herufi, na vyote vinne vikakubaliana.

## Hatua ya 4: Pima uzito na kipenyo

Washa mizani, weka jiwe la gramu 50 au 100 na uhakikishe inasoma sawasawa. Zima feni na ufunge dirisha. Upepo mdogo hubadilisha tarakimu ya mwisho. Kisha pima sarafu mara tatu, ukiiondoa na kuirudisha kila mara.

Vipimo vya sarafu mpya ni hivi:

- Robo rupia: gramu 2.92, kipenyo takribani milimita 19.
- Nusu rupia: gramu 5.83, kipenyo takribani milimita 24.
- Rupia moja: gramu 11.66, kipenyo takribani milimita 30.
- Rupia mbili: gramu 23.32, kipenyo takribani milimita 35.

Zote zina fedha sehemu 917 kwa kila sehemu 1000, iliyobaki ni shaba. Uzito na usafi huo uliwekwa sawa na wa rupia ya India, iliyokuwa tayari ikizunguka katika masoko ya Pwani. Ndiyo maana rupia ya Malkia Victoria iliyoandikwa VICTORIA EMPRESS italingana kwa uzito na rupia ya Kaisari, nawe usishangae.

Sarafu iliyopita mikono mingi hupungua. Rupia moja iliyochakaa sana inaweza kusoma gramu 11.4 na bado ikawa halisi, ila upungufu huo lazima uonekane pia usoni: masharubu yamelainika, tai wa kofia amefutika. Uso mkali usiochakaa pamoja na uzito mdogo ni mambo mawili yasiyopatana. Uzito unaozidi nao ni dalili mbaya, kwa kuwa matumizi huondoa fedha na hayaongezi.

Tazama hesabu hii, kwa sababu ndiyo inayofichua nakala nyingi. Fedha ya rupia ina uzito wa takribani gramu 10.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, ilhali mchanganyiko wa shaba na nikeli una takribani gramu 8.9. Mwenye kughushi akitengeneza rupia ya shaba na nikeli yenye upana na unene ule ule wa ile halisi, itapima kama gramu 10 tu. Mizani itakuambia kabla macho hayajaona.

Mwenye kughushi aliye mwerevu ataiongeza unene ili uzito ufike 11.66. Huyo hukamatwa kwa hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Sumaku na maji

Isogeze sumaku taratibu karibu na sarafu. Ikivutwa, kuna chuma au nikeli ya kutosha ndani yake, na uchunguzi umekwisha. Isipovutwa bado hujathibitisha kitu, kwa sababu shaba, shaba ya njano na risasi nazo hazivutwi.

Kipimo cha maji ndicho chenye nguvu, na kinahitaji utulivu:

1. Jaza maji yaliyokenekwa katika kikombe cha plastiki kiasi cha kuweza kuifunika sarafu, kiweke juu ya mizani, kisha rudisha mizani kwenye sifuri.
2. Funga sarafu kwa uzi mwembamba bila kuikwaruza, uishushe majini mpaka izame yote, lakini isiguse chini wala pembeni ya kikombe. Ikigusa, mizani itabeba uzito wake na jibu litakuwa la uongo.
3. Tikisa uzi kidogo ili viputo vya hewa vitoke, kisha soma tarakimu.
4. Gawanya uzito wa sarafu nje ya maji kwa tarakimu hiyo.

Rupia moja halisi itasoma karibu 1.13, na 11.66 ukigawanya kwa 1.13 unapata 10.3. Ile ya shaba na nikeli iliyoongezwa unene itasoma karibu 1.31, na jibu lake ni 8.9. Ya shaba ya njano huwa chini zaidi, kati ya 8.4 na 8.7. Jibu linalokaribia 11 na kuendelea huashiria risasi.

Kwa robo rupia kipimo hiki ni dhaifu. Maji yatasoma 0.28 hivi, na kosa la tarakimu moja tu ya mwisho hupeleka jibu kutoka 10.1 hadi 10.8. Rudia mara kadhaa, uchukue wastani, na kwa robo uitegemee zaidi lenzi.

Ukimaliza, ikaushe sarafu kwa kuigandamiza taratibu katikati ya kitambaa, bila kuifuta.

Usikubali sonara aitie tone la asidi au aikwaruze kwa jiwe la kupimia. Yeye huuliza kama metali ni fedha, na kwa kazi yake ya mikufu swali hilo linamtosha. Wewe unauliza jambo tofauti, kwa kuwa nakala nzuri nazo hupigwa kwa fedha ya kweli, na kovu la asidi halitoki.

## Hatua ya 6: Isome sarafu kwa lenzi

Sarafu za Berlin na Hamburg zilipigwa kwa mashine, kwa muhuri wa chuma uliogandamiza fedha kwa nguvu nyingi. Herufi zake zina kingo kali zinazosimama wima kutoka usoni, na nafasi kati ya herufi ni laini. Sarafu ya kusubu humiminwa katika kalibu. Herufi zake ni mviringo kama zimeyeyuka, na kati yake kuna vishimo vidogo vilivyoachwa na hewa. Vishimo hivyo ukiviona vimetapakaa pande zote mbili, iache.

Geuza ukingo. Rupia halisi ina mistari midogo iliyo sawa na iliyopangana kuzunguka yote. Kwenye sarafu ya kusubu utaona mstari mmoja unaozunguka ukingo pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, au alama ya tupa iliyotumika kuuondoa.

Kisha tafuta majeraha ya urembo. Rupia nyingi zilitobolewa au kutiwa kikuku ili zivaliwe shingoni, na baadaye mtu akaliziba tundu au akakitoa kikuku ili aiuze kama sarafu nzima. Kagua ukingo juu ya kofia ya Kaisari, kwa sababu huko ndiko kikuku huwekwa sarafu ikining'inia kichwa juu. Lehemu huacha doa lenye rangi tofauti, na mistari ya ukingoni hukatika hapo. Tundu lililozibwa huonekana kama duara lisilo na mng'ao sawa na jirani zake, au herufi moja iliyochongwa kwa mkono isiyofanana na nyingine.

Sarafu yenye jeraha la namna hii bado ni halisi, na mimi binafsi naiheshimu, kwa sababu kuna mwanamke aliyeivaa. Lakini bei yake haipaswi kulingana na ya sarafu nzima, na muuzaji mwaminifu husema mapema.

Kwa kulinganisha, usitegemee picha za wauzaji. Münzkabinett ya Berlin, hazina kubwa ya sarafu ya makumbusho ya taifa ya mji huo, ina katalogi ya mtandaoni inayoonyesha sarafu zake nyingi pande zote mbili pamoja na uzito na kipenyo cha kila moja. Fungua picha ya mwaka ulio nao, ukague umbo la tarakimu, ncha za masharubu, mabawa ya tai na umbali wa herufi kutoka ukingoni. Ukiweza kupitia alama tano au sita na zote zikakubaliana, umefika.

## Hatua ya 7: Kuondoa uchafu, ikiwa ni lazima tu

Udongo uliogandamana na ute wa kijani unaonata kutoka kwenye plastiki mbaya vinaweza kuondolewa. Weusi unabaki.

Loweka sarafu katika maji yaliyokenekwa kwa siku moja au mbili, ukiyabadilisha kila yanapochafuka. Udongo utalainika na kudondoka wenyewe. Kwa mafuta na ute wa plastiki, tumia asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, dakika chache tu, kisha suuza kwa asetoni mpya. Dawa ya kutolea rangi ya kucha haifai, kwani imetiwa manukato na mafuta. Asetoni huwaka moto upesi: fanya kazi nje au kwenye dirisha lililo wazi, mbali na jiko, mshumaa na sigara, na mbali na watoto.

Iache ikauke yenyewe juu ya kitambaa. Umefaulu ikiwa uchafu umetoka na rangi ya fedha haikubadilika. Ikiwa sarafu imeng'aa kuliko mwanzo, umekwenda mbali mno.

## Hatua ya 8: Kadiria hali na bei

Anza na fedha iliyomo, kwa kuwa hiyo ndiyo sakafu ya bei. Zidisha uzito uliopima kwa 0.917, kisha kwa bei ya gramu moja ya fedha ya siku hiyo. Rupia moja ina takribani gramu 10.69 za fedha safi, nusu ina 5.35, robo ina 2.68 na rupia mbili ina 21.38. Fanya hesabu hiyo kwanza, na mara moja utaona kwamba uvumi wa kila rupia ya Mjerumani kuuzwa mamilioni ya shilingi hauna msingi.

Juu ya sakafu hiyo huongezwa uadimu na hali. Rupia mbili za 1893 na 1894 ni adimu kweli na hutafutwa. Kwa sababu hiyo hughushiwa mno, na mimi singenunua hata moja bila uthibitisho wa mtaalamu. Rupia moja ya Hamburg ya 1911 na ya 1913 ni za kawaida, kwa hiyo zinafaa sana kwa anayeanza.

Wajerumani hutaja hali kwa madaraja, na utayakuta katika minada yao: schön ni sarafu iliyochakaa sana lakini inasomeka, sehr schön ina uchakavu wa wastani, vorzüglich ina uchakavu mdogo katika sehemu zilizoinuka tu, na Stempelglanz haijatumika. Tazama kichwa cha tai na mabawa yake juu ya kofia, kisha masharubu na sikio. Sehemu zilizoinuka ndizo hufutika mwanzo. Kosa la kawaida ni kuipandisha sarafu yako daraja moja kwa sababu unaipenda. Mpe mtu mwingine aitathmini bila kumwambia uliyofikiria.

## Hatua ya 9: Kununua na kuuza kwa usalama

Ukinunua kwa mbali, omba picha nne: kichwa, upande wa pili, ukingo, na sarafu ikiwa juu ya mizani inayosomeka. Muuzaji anayekataa picha ya ukingo au ya mizani amekwisha kukujibu. Kubaliana kwa maandishi kwamba utairudisha ikishindwa vipimo, na uvifanye siku ile ile unayoipokea.

Sarafu zilizofungwa ndani ya kasha gumu la kampuni za upimaji za Marekani, kama NGC na PCGS, zina namba. Iandike namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni husika na ulinganishe picha, kwa kuwa makasha nayo hughushiwa.

Wanaouza wana hatari yao. Anayejiita mnunuzi wa ng'ambo, akaahidi kiasi kikubwa, kisha akadai utangulize ada ya uhakiki, ya ushuru au ya wakala, ni tapeli. Mnunuzi wa kweli hulipa, hadai kulipwa.

Usichimbe makaburi, maboma wala nyumba za kale kutafuta rupia. Mbali na hatari ya kufukiwa na udongo, uchimbaji wa vitu vya kale Tanzania unahitaji kibali, na sarafu iliyong'olewa hapo humpotezea mtafiti habari za mahali ilipolala. Ukitaka kutuma mkusanyo nje ya nchi, uliza kwanza Idara ya Mambo ya Kale.

## Ukikutana na marki badala ya rupia

Marki za fedha za Dola la Ujerumani zilipigwa kuanzia 1873, zenye fedha sehemu 900 kwa 1000. Hatua zote za juu zinatumika, ila vipimo ni tofauti: nusu marki gramu 2.78, marki moja gramu 5.56, marki mbili gramu 11.11, marki tatu gramu 16.67 na marki tano gramu 27.78. Kwa kipimo cha maji jibu linabaki karibu 10.3.

Sarafu za marki mbili, tatu na tano zina sura za watawala wa madola mbalimbali kama Prussia, Bayern, Sachsen na Württemberg, au nembo za miji huru ya Hamburg, Bremen na Lübeck. Herufi za viwanda nazo ni nyingi zaidi: D ni München, F ni Stuttgart, G ni Karlsruhe, na E ni Dresden, kisha Muldenhütten baada ya kiwanda kuhamishwa.

Marki tatu na marki tano zina maneno GOTT MIT UNS ukingoni. Ukikuta ukingo mtupu au wenye mistari kwenye mojawapo ya hizo, simama hapo. Marki tatu ya Sachsen ya 1917 yenye sura ya Friedrich der Weise ilipigwa vipande 100 tu, nazo nakala zake ni nyingi mno. Iwe imepokewa kutoka kwa nani, ichukulie kuwa nakala mpaka mtaalamu athibitishe.

## Hatua ya 10: Hifadhi na uandike

Adui wa fedha Pwani ni unyevu wa chumvi. Anayeishi Tanga, Bagamoyo, Mombasa au Unguja aweke kila sarafu katika kidonge chake cha plastiki, kisha vidonge vyote katika sanduku linaloziba vizuri pamoja na pakiti za silika jeli, ambazo hukaushwa au kubadilishwa zikishiba maji. Bara, kwenye ukavu, sanduku na vidonge vinatosha.

Usitumie plastiki laini yenye harufu kali kama ya pazia jipya la bafu. Hiyo ina PVC, nayo hutoa ute wa kijani unaokula uso wa sarafu. Usifunge kwa mpira, usifunike kwa gazeti wala sufi. Vyote hutoa salfa. Gundi na selotepu zisiguse sarafu kamwe.

Katika daftari, kila sarafu ipate ukurasa wake: toleo, thamani, mwaka, herufi, uzito, kipenyo, jibu la kipimo cha maji, majeraha, tarehe uliyoipata, bei, na aliyekupa. Kama imetoka katika familia, andika jina la aliyekuwa nayo na mahali alipoishi wakati wazee wanaojua bado wapo wa kuulizwa. Piga picha pande zote mbili kwa mwanga wa dirishani, na nakala ya daftari iwekwe mbali na sanduku.

Fungua sanduku kila baada ya miezi mitatu. Ukiona doa la kijani au ute unaonata, itoe sarafu hiyo peke yake, irudishe katika hatua ya 7, na utupe kidonge kilichokuwa nayo.